Sukari ya Kifaru haishuki: nimpandishie insulini?

Daktari, salaam.

Nina paka dume anaitwa Kifaru, ana miaka 11, amehasiwa tangu mdogo. Jina lilitokana na unene, maana alifika kilo 7 na ushee. Miezi ya karibuni nikaona bakuli lake la maji linakauka kila mara, mchanga wa choo chake umejaa mabonge makubwa ya mkojo, na anakula kuliko zamani huku anakonda. Halafu akaanza kutembea vibaya: miguu ya nyuma anakanyagia kisigino badala ya vidole. Daktari wa mifugo akampima damu na mkojo, akaniambia ni kisukari. Sasa hivi ana kilo 5.6.

Nilianzishiwa uniti 1 ya insulini asubuhi na 1 jioni. Nikafundishwa kuchoma, nikapewa chupa na mabomba machache ya sindano. Mama yangu mzazi naye ana kisukari, kwa hiyo mashine ya kupimia sukari tunayo nyumbani, na yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kutoboa. Kifaru tunamtoboa sikioni.

Wiki ya kwanza, kabla ya sindano alikuwa anasoma 19 au 20, na mchana 11 au 12. Nikafurahi. Mabomba yale yenye kofia nyekundu yakaniishia, nikachukua ya mama, yenye kofia ya rangi ya chungwa. Ni yaleyale tu, tena sindano yake ni nyembamba, Kifaru hata hashtuki. Sijui kilichotokea, ila kuanzia hapo sukari ikapanda: 24, 26, na mchana 19. Nikaona dozi ni ndogo, nikaenda 2. Siku mbili sikuona la maana, nikaenda 3. Sasa kabla ya sindano ni 17 au 18, na mchana 9 au 10. Kaka yangu anasema nisiogope, niende hata 5, kwani mama anachoma uniti 22 na yupo.

Juzi jioni Kifaru alitapika mara moja, akanusa chakula, akaondoka. Nikampima: 5.4. Bomba nimeshalijaza liko mkononi, nikabaki njia panda. Sikuchoma. Asubuhi akala vizuri lakini akasoma 23, na kaka akanilaumu kwamba nimeharibu kazi ya wiki nzima. Je, nilikosea?

Mengine mawili. Nimesoma kwamba paka wa kisukari anafaa chakula cha majimaji chenye wanga kidogo. Nimeshanunua, nianze lini? Na ni kweli wapo paka wanaoacha sindano kabisa? Kliniki wamenipigia kwamba mabomba yangu yamefika na nitayachukua kesho. Kama ni kupandisha dozi, naona nianze na hayo mapya.

Mwenye Kifaru

*

Mwenye Kifaru, pole na kuuguza.

Nianze na sentensi yako ya mwisho kwa sababu haiwezi kusubiri. Kesho ukishayapata mabomba ya kofia nyekundu, usivute insulini hadi alama ya 3. Vuta hadi alama ya 1, ile uliyoandikiwa, kisha mpigie daktari wako siku hiyohiyo umweleze kilichotokea.

Sasa chukua chupa yako ya insulini usome lebo. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani utakuta imeandikwa uniti 40 kwa mililita. Insulini kadhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama ziko hivyo. Insulini nyingi za binadamu zina uniti 100 kwa mililita, na mabomba ya mama yako yamechorwa kwa ajili ya hizo. Alama ya 1 kwenye bomba lake ni sehemu moja ya mia ya mililita. Ukivuta humo insulini ya 40, unakuwa umevuta uniti 0.4, si 1. Rangi za kofia ni mazoea ya viwanda, nyekundu kwa 40 na chungwa kwa 100, lakini usizitegemee. Tazama ubavuni mwa bomba, namba imeandikwa pale, na lazima ifanane na namba ya kwenye chupa.

Hebu tuisome upya barua yako kwa hesabu hiyo. Wiki ya kwanza Kifaru alipata uniti 1 kamili, akasoma 19 na mchana 11. Ulipobadilisha bomba ukaendelea na "moja" yako, kumbe anapata 0.4. Ndiyo maana ikapanda hadi 26. Ulipoenda "mbili" alipata 0.8. "Tatu" ya sasa ni uniti 1.2, na ndiyo maana namba zake zinakaribiana na zile za wiki ya kwanza, bora kidogo tu. Paka wako hajawahi kuonja uniti tatu. Kesho ungeivuta hiyo tatu kwa bomba jipya, angepata tatu za kweli, mara mbili na nusu ya anazopata leo, usiku mmoja. Na ile 5 ya kaka yako sitaki hata kuizungumzia.

Kwa msomaji mwingine ambaye yuko upande wa pili, ana insulini ya 100 na bomba la 40: wewe ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu kila "uniti" unayovuta ni mbili na nusu. Acha kusoma, nenda kaangalie.

Tukishaliweka hilo kando, swali lako la msingi linabaki: sukari iko juu, kwa nini usipandishe?

Namba unayoiona kabla ya sindano ndiyo inayokutia wasiwasi, lakini mimi siitilii maanani sana ninapopanga dozi. Saa hiyo dozi iliyopita imekwisha nguvu, kwa hiyo ni kawaida sukari kuwa juu. Dozi hupangwa kwa kuangalia sukari ilishuka hadi wapi ilipokuwa chini kabisa, ambapo kwa paka wengi ni katikati ya sindano na sindano, ingawa kila paka ana saa yake na kila insulini ina mwendo wake. Tunapenda pale chini paka afike kati ya 4.5 na 8 hivi. Akiwa anafika 6 mchana na bado asubuhi anasoma 17, ukimpandishia unaisukuma ile 6 kwenda 3, na hapo paka anaanguka. Tatizo la paka wa namna hiyo ni kwamba insulini yake haidumu saa 12, na dawa yake inaweza kuwa kubadilisha aina ya insulini, si kuongeza wingi. (Namba zote hizi ni za milimoli kwa lita. Kama mashine yako inasoma kwa miligramu kwa desilita, zidisha namba za hapa kwa 18 ndipo ulinganishe na zako.)

Kifaru kwa uniti 1.2 anafika 9 au 10. Kwa hiyo hujakosea kuhisi kwamba kuna nafasi ya kupanda. Pengine daktari wako atakubali, lakini itakuwa nusu uniti, kwa bomba sahihi, kisha mtulie siku tano hadi saba kabla ya kugusa tena. Mwili huchukua siku kadhaa kuizoea dozi mpya, na matokeo ya siku ya pili hayakuambii utakakokuwa siku ya sita. Ulipopanda mara mbili ndani ya siku chache, bomba lisilo lake ndilo lililokuokoa. Lingekuwa bomba sahihi, pengine usingeandika barua hii kwa utulivu huu.

Lipo na jambo jingine linalowachanganya wengi. Sukari ikishuka mno au kwa kasi mno, mwili hujihami. Ini humwaga akiba yake ya sukari, homoni za kupandisha zinafunguliwa, na saa chache baadaye mashine inaweza kusoma 25. Mwenye paka anaona 25, anasema dozi haitoshi, anaongeza. Nimewaona paka waliofika uniti 5 na 6 kwa njia hiyo, na walichohitaji ni kurudishwa chini. Ndiyo sababu siamini dozi yoyote iliyopandishwa bila mtu kupima katikati ya siku.

Kupima katikati ya siku maana yake ni hivi. Chagua siku utakayoshinda nyumbani. Pima kabla ya kula na kuchoma, kisha kila baada ya saa mbili hadi sindano ya jioni, andika kila namba pamoja na saa yake. Sikio lipashe kwanza kwa kitambaa chenye uvuguvugu, toboa ukingoni pembeni ya mshipa ule mdogo unaoonekana ukimulika, na shikilia pamba upande wa nyuma usijitoboe kidole. Ukipaka mafuta mepesi ya mgando pale ukingoni, tone la damu linakaa duara badala ya kusambaa kwenye manyoya. Kazi hii ni afadhali ifanyike nyumbani. Paka akiogopa sukari hupanda, wakati mwingine sana, na namba za kliniki peke yake zinaweza kukudanganya. Daktari wako akitaka picha ya wastani, atachukua damu apime fruktosamini, inayoonyesha sukari ilivyokwenda kwa wiki moja au mbili zilizopita na haiyumbishwi na woga wa siku ile.

Mashine ya mama si mbaya, ila ijue tabia yake. Imepangwa kwa damu ya binadamu, na kwa paka mara nyingi husoma chini ya ukweli. Kwa hiyo 9 yako inaweza kuwa 10 au zaidi. Zipo mashine zilizopangwa kwa paka na mbwa, na ukiweza kuipata ni vizuri. Usichofanya ni kuchanganya: asubuhi hii, jioni ile, halafu unalinganisha namba. Mwambie daktari unatumia ipi.

Tuje kwenye ile jioni ya 5.4. Ulifanya sawasawa. Kaka yako amekulaumu bure. Paka ametapika, hajala, sukari iko 5.4 na insulini bado haijaingia: ungechoma, ingeshuka kutoka hapo na tumboni hakuna kitu cha kuipandisha. Kusoma 23 asubuhi baada ya kuruka dozi moja ni jambo la kutarajiwa na halijaharibu chochote. Sukari ya juu hula mwili polepole, kwa siku na wiki. Sukari ya chini inaweza kumuua paka au kumharibu ubongo ndani ya saa chache. Ukiwa njia panda usiku wa manane na simu ya daktari haipatikani, kutochoma dozi moja ndilo kosa dogo. Kwa paka aliyeanza matibabu juzi na ambaye mwenendo wake bado haujulikani, wengi wetu tunasema hivi: akisoma chini ya 11 kabla ya sindano, usichome kwanza, mpe chakula, pima tena baada ya saa mbili tatu, na piga simu. Baadaye mkishamjua, mpaka huo huweza kushushwa.

Ila kuruka kusiwe mazoea. Na kutapika nako nataka ukuchukulie kwa uzito. Mara moja kisha akala vizuri asubuhi, sawa. Lakini paka wa kisukari akikataa chakula siku nzima, anatapika tena na tena, amelegea, au pumzi yake ina harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, huenda mwili umeanza kuchoma mafuta na damu inajaa asidi ya ketoni. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, haina dawa ya nyumbani.

Dalili za sukari kushuka lazima kila mtu nyumbani kwako azijue, pamoja na huyo kaka. Paka anaweza kuwa na njaa ya ghafla, au kinyume chake akajificha. Anayumba kama mlevi, anakodoa macho bila kukuona, midomo au masikio yanachezacheza, mwishowe degedege. Kama bado anaweza kula, mpe chakula mara moja. Akishindwa, chovya kidole kwenye asali au sukari iliyokorogwa nzito, umpake kwenye ufizi. Usimmiminie kinywani, hasa akiwa kwenye degedege, itaingia mapafuni, na angalia asikung'ate. Ukishampaka, mpeleke kwa daktari hata kama ameamka, kwa sababu insulini bado imo mwilini na sukari inaweza kushuka tena.

Na kosa jingine dogo lenye madhara makubwa: umechoma, Kifaru akaruka, ukakuta manyoya yamelowa, hujui imeingia kiasi gani. Usirudie. Acha hadi zamu inayofuata.

Chakula. Nimefurahi umeuliza kabla ya kuanza, kwa sababu wengi huuliza baadaye. Chakula cha majimaji chenye protini nyingi na wanga kidogo kinamfaa sana paka wa kisukari, na kwa wengine kinashusha hitaji la insulini kwa kiasi kikubwa ndani ya siku chache. Uzuri wake ndio hatari yake. Ukimbadilishia chakula wiki ileile unayorekebisha mabomba na dozi, sukari ikishuka hutajua ni kipi kimeishusha. Mimi ningefanya hivi: kwanza bomba sahihi na dozi ya uniti 1 kwa wiki moja, mpate namba za kuaminika. Kisha chakula kipya kidogokidogo, ukikichanganya na cha zamani, huku unapima kila siku na usipandishe dozi wakati huo. Kama daktari wako atapenda kuanza na chakula, msikilize yeye, kwani amemshika Kifaru mkononi na mimi sijamwona.

Kaka yako mwambie mama na Kifaru hawalinganishwi. Mama ana uzito mara kadhaa wa paka na pengine anatumia insulini ya aina nyingine kabisa. Kwa paka tunaanza uniti 1 kila baada ya saa 12, mara chache 2. Paka akifika uniti 5 au 6 kwa sindano moja na bado sukari haishuki, hatuendelei kupanda tu. Tunatafuta kinachozuia: meno yaliyooza, maambukizi ya mkojo, kongosho lenye uvimbe, tezi ya ubongoni inayomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, au sindano za steroidi alizowahi kuchomwa kwa ajili ya kujikuna. Hilo la mwisho umkumbushe daktari kama lipo kwenye historia yake, maana steroidi pekee inaweza kumpandisha paka sukari na kuifanya insulini ionekane haina kazi.

Usikae ukitazama mashine tu. Pima maji unayotia bakulini asubuhi na yanayobaki kesho yake, hesabu mabonge ya mkojo, mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile. Paka anayekunywa kidogo kuliko mwezi uliopita na ameongeza gramu 200 anaendelea vizuri, hata kama asubuhi moja alisoma 18. Miguu ya nyuma isikukatishe tamaa. Mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na sukari hupona taratibu, kwa wiki na miezi, na mara nyingi huo ukanyagaji wa kisigino hupungua sukari ikitulia.

Na ndiyo, wapo paka wanaoacha sindano. Tunaita ahueni, si kupona, kwa sababu kisukari kinaweza kurudi, hasa paka akinenepa tena au akipewa steroidi. Kwa paka kongosho mara nyingi halijafa, limechoshwa, na sukari ikidhibitiwa mapema linaweza kuanza kufanya kazi tena. Wengi wanaofikia hapo hufikia katika miezi sita ya kwanza, kwa chakula cha wanga kidogo na dozi iliyopangwa kwa uangalifu. Lakini ahueni haiji na taarifa. Inakuja kwa sura ya namba zinazoshuka kwa dozi ileile iliyokuwa inafaa wiki iliyopita: mchana 7, kisha 5, kisha 4. Ukiona hivyo usisherehekee kwa kuchoma kama kawaida, wala usiache sindano kwa uamuzi wako. Piga simu, dozi ishushwe nusu uniti kwa nusu uniti, na uendelee kupima hata baada ya sindano ya mwisho.

Wiki hii kazi yako ni tatu tu: linganisha namba ya chupa na ya bomba, rudi kwenye uniti 1, na umpelekee daktari daftari la namba zako zote, zile za bomba la mama uzizungushie duara ili ajue hizo asizihesabu kama dozi kamili. Na umwombe mabomba yenye alama za nusu uniti yanayolingana na chupa yako. Kama hakuna, mwulize mtapandaje kwa hatua ndogo, kwani kukadiria nusu kwa macho kwenye bomba lenye alama za uniti nzima ni kubahatisha.